Je, mdudu alikuwa mezani? Kuhusu usahihi wa picha za wadudu za zama za Renaisansi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari. Nimekutana na picha ya mbawakawa iliyochorwa mwaka 1505, na nilipoambiwa umri wake nilibisha. Wachoraji wa zama hizo walipataje usahihi wa namna ile bila hadubini wala kamera? Na je, naweza kutumia picha zao darasani kama michoro ya kisayansi, au ni mapambo tu?

JIBU: Mwalimu, picha hiyo ni kazi ya Albrecht Dürer wa Nuremberg, Ujerumani, na leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Getty, Los Angeles. Kwa hiyo moja sina la kukuzuia, ipeleke darasani. Kwa nyingine nyingi za wakati ule itabidi uwe mwangalifu. Zipo zinazopendeza kuliko hata ya Dürer lakini zinapotosha, na zipo zenye sura mbaya ambazo zimebeba elimu nzito. Ukitaka kuzitenganisha, usianze kwa kuuliza mchoraji alikuwa hodari kiasi gani. Uliza kama mdudu mwenyewe alikuwa mbele yake mezani, au alikuwa na picha ya mtu mwingine.

Tuanze na huyo wa 1505. Karatasi yenyewe ni ndogo, kama sentimita 14 kwa 11. Juu yake yupo mbawakawa mmoja tu, dume, wa aina ile ambayo taya zake zimerefuka na kuchipua matawi mfano wa pembe za kulungu. Hakuna jani, hakuna ua, hakuna maandishi ila mwaka na alama ya mchoraji. Mdudu kainua kichwa na taya zake, miguu imemnyanyua kidogo, na chini yake kumelala kivuli. Kitazame kivuli hicho kwa makini. Kinafuata kila mguu mpaka pale unapogusa karatasi, na ndicho kinachokufanya uone kwamba mnyama huyu ametua hapo sasa hivi na anaweza kuondoka wakati wowote. Kisha tazama miguu pingili kwa pingili, jinsi kila kiungo kilivyoachana na kinachofuata, na jinsi mabawa magumu ya juu yanavyong'aa pale mwanga unapopiga na kufifia yanapopinda kuelekea chini.

Hili la kivuli halikuanza na Dürer. Wapambaji wa vitabu vya sala katika miji ya Ghent na Bruges walikuwa tayari wanachora nzi na vipepeo kwenye pambizo za kurasa, kila mmoja na kivuli chake, ili msomaji adhani mdudu halisi ametua juu ya kitabu. Mwaka 1446 Petrus Christus alichora nzi kwenye ukingo wa picha ya mtawa mmoja kwa nia hiyohiyo. Waitalia nao wana kisa chao, alichokiandika Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wachoraji: kwamba Giotto, alipokuwa bado mwanafunzi, alichora nzi kwenye pua ya sura aliyokuwa anaichora mwalimu wake Cimabue, na mzee aliporudi akajaribu kumfukuza kwa mkono. Sitaki kukuapia kwamba kisa ni cha kweli, lakini kinaonyesha mdudu alikuwa mtihani wa nini: ukiweza kumchora nzi akadanganya jicho, wewe ni fundi. Jipya la 1505 ni kwamba mdudu ametoka pambizoni akapewa karatasi nzima peke yake. Mwaka uliotangulia Dürer alikuwa amemchora mbawakawa wa aina hiyohiyo, lakini pembeni tu, chini kabisa ya picha kubwa ya Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu.

Sasa lile la hadubini. Watu wengi hudhani kwamba bila chombo hicho hakuna kinachoonekana kwa mdudu, na hapo ndipo mshangao unapoanzia. Dume wa mbawakawa huyu anaweza kuzidi sentimita 7 kwa urefu. Jicho zima la binadamu, kwa umbali wa kusoma kitabu, linaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Piga hesabu: pingili za miguu, miiba ya kwenye paja, vipapasio, mishipa ya bawa la kereng'ende, vyote vimo ndani ya uwezo wa jicho lenye afya na lenye subira. Kwa vilivyo vidogo zaidi, miwani ilikuwa inatengenezwa Italia tangu mwishoni mwa karne ya 13, kwa hiyo lenzi ya kukuzia haikuwa kitu kigeni kwa fundi wa mwaka 1500. Kilichokosekana ni ukuzaji wa makumi ya mara, na huo Dürer hakuuhitaji.

Jambo la pili ni tabia ya mdudu mwenyewe kama kielelezo. Samaki huoza siku hiyohiyo na kupoteza rangi, ndege huhitaji kuchunwa na kujazwa. Mbawakawa akifa hukauka palepale na gamba lake hubaki na umbo na mng'ao kwa miaka. Unaweza kumpanga miguu akiwa bado laini, ukamwacha akauke, ukamweka karibu na dirisha ukachora kwa juma zima. Nzige na vipepeo nao hukauka vizuri, ingawa vipepeo humwaga unga wa mabawa ukiwashika ovyo. Kiwavi ni habari nyingine. Akifa husinyaa, hubadilika rangi, huoza. Kereng'ende yuko katikati: mabawa hudumu, lakini rangi ya mwili hufifia baada ya kufa. Ukijua haya utaelewa kwa nini katika picha za zama zile mbawakawa kwa kawaida ni bora, na viwavi mara nyingi wanaonekana kama soseji zilizotiwa madoa.

Vifaa vyao vilikuwa vya kawaida kwa fundi yeyote wa wakati ule. Brashi ilikuwa ya manyoya ya mkia wa kindi, yamefungwa na kupachikwa ndani ya unyoya wa ndege uliokatwa, na ncha yake inaweza kuchora mstari mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Rangi ilisagwa ikachanganywa na maji na gundi ya migunga, ile inayotoka Sudan na nchi jirani mpaka leo. Kwa kazi za kitajiri walichora juu ya ngozi ya ndama iliyokwanguliwa ikawa nyororo, kwa sababu haifyonzi rangi kama karatasi, na tone dogo hukaa pale ulipoliweka. Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: wadudu walikuwa ndani ya rangi zenyewe. Wekundu wa thamani ulitoka kwa wadudu wadogo wanaonyonya mialoni ya pwani ya Mediterania, na baada ya Wahispania kuiteka Mexico mwaka 1521, ukaja mwingine mkali zaidi kutoka kwa wadudu wanaoishi juu ya mipungate. Wino mweusi nao ulitokana na vivimbe ambavyo mwaloni huviotesha nyigu wadogo wanapotaga mayai ndani yake. Vivimbe vilisagwa, vikachanganywa na chumvi ya chuma na gundi. Hivyo mara nyingi jina la mdudu liliandikwa kwa kazi ya mdudu mwingine.

Kwamba ustadi peke yake hautoshi, Dürer mwenyewe ni shahidi. Mwaka 1515, miaka kumi baada ya mbawakawa wake, alitengeneza picha ya kifaru aliyefikishwa Lisbon kutoka India. Hakumwona. Alikuwa na mchoro wa haraka wa mtu mwingine na maelezo ya barua. Akatoa mnyama aliyevaa deraya kama askari, miguu ina magamba, na mgongoni juu ya mabega kuna pembe ya pili ndogo iliyosokotwa ambayo hakuna kifaru aliyewahi kuwa nayo. Picha hiyo ilinakiliwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 200. Mkono ni uleule uliomchora mbawakawa, jicho ni lilelile, tofauti ni kwamba safari hii mezani palikuwa na karatasi tu.

Kuna mtu mmoja ambaye kwake yote mawili yanakutana, na huyo ningependa umjue kuliko Dürer. Anaitwa Joris Hoefnagel. Alizaliwa Antwerp mwaka 1542 katika ukoo wa wafanyabiashara wa bidhaa za anasa, na uchoraji haukuwa riziki yake mpaka mambo yalipoharibika. Mwaka 1576 askari wa Kihispania waliokuwa hawajalipwa mishahara waliipora Antwerp, na mwaka uliofuata Hoefnagel akaondoka kuelekea Italia pamoja na rafiki yake Abraham Ortelius, mtengenezaji ramani maarufu. Wakiwa njiani akapata kazi kwa mtawala wa Bavaria huko Munich, na baadaye kwa Kaisari Rudolf II, yule aliyeufanya mji wa Prague kuwa ghala la maajabu ya ulimwengu.

Kazi yake kubwa ni mfululizo wa vitabu vinne vya picha juu ya ngozi, vilivyopewa majina ya ardhi, maji, hewa na moto. Leo viko National Gallery of Art, Washington. Wanyama wa nchi kavu wamo katika ardhi, samaki katika maji, ndege katika hewa. Katika moto amewaweka wadudu, pamoja na binadamu. Kurasa za mwanzo zina familia ya Pedro Gonzalez, mzaliwa wa Tenerife ambaye mwili wake wote na uso ulifunikwa na nywele, kisha zinafuata kurasa kwa kurasa za mbawakawa, vipepeo, nzige, buibui, nyigu. Kila ukurasa una duara la yai lililochorwa kwa mstari mwembamba wa dhahabu, wadudu wamepangwa ndani yake kwa ulinganifu kana kwamba wameitwa gwaride, na juu na chini kuna maneno ya Kilatini, mengine ya Biblia, mengine methali.

Ukurasa mmoja ninaushangaa mpaka leo. Hoefnagel alichora viwiliwili vya kereng'ende kwa brashi, lakini alipofika kwenye mabawa akaweka brashi chini. Akachukua mabawa halisi ya kereng'ende akayabandika kwenye ngozi, mahali pake hasa, yaunganike na mwili wa rangi. Ukiwahi kujaribu kuchora bawa la kereng'ende utamwelewa. Ni kioo chenye nyavu, kinaonyesha kilicho nyuma yake na wakati huohuo kinarudisha mwanga kwa rangi zinazohama ukigeuza kichwa. Mwili hupoteza rangi ukikauka, kwa hiyo ulihitaji mchoraji, na mabawa hayapotezi chochote ila hayachoreki. Akagawa kazi kati yake na mdudu. Sijui uamuzi mwingine wa karne hiyo uliofikiriwa vizuri kuliko huo.

Sasa, mtu huyuhuyu alikuwa na kaulimbiu ya Kilatini iliyosema kwamba maumbile pekee ndiyo mwalimu. Fungua kurasa za mwanzo za wadudu katika kitabu hichohicho cha moto utamkuta mbawakawa wa 1505, yuleyule, kichwa kimeinuliwa vilevile, taya vilevile. Hoefnagel alimnakili kutoka kwa Dürer, na juu yake akaandika maneno ya Kilatini yanayomaanisha kivuli cha mbawakawa. Hakuwa anaiba kwa siri. Kila mpenda picha wa wakati ule angeitambua asili yake, na kumnakili bwana mkubwa ilikuwa heshima na pia mashindano. Lakini kwako wewe mwalimu, maana yake ni kwamba hata mtu aliyeapa kufundishwa na maumbile alikuwa na kurasa za aina mbili ndani ya jalada moja, na hakuna alama inayokuambia ipi ni ipi. Wadudu wengi katika kitabu kile aliwatazama mwenyewe. Huyo mmoja mashuhuri hakumtazama.

Mwaka 1592 mwanawe, Jacob, alichapisha huko Frankfurt mfululizo wa picha zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba kutokana na michoro ya baba yake: maua, matunda, na wadudu wametawanyika katikati. Zilisambaa Ulaya nzima na kuwa hazina ya kunakili kwa wachoraji, wadarizi na mafundi wa fedha. Tangu hapo, ukiona kipepeo au panzi kwenye picha ya maua ya karne ya 17, kuna uwezekano mkubwa kwamba ametoka kwenye karatasi, hakutoka bustanini. Picha hizo ni nzuri na nyingi ni sahihi, ila zina ugonjwa mmoja: hazina kipimo. Nzi analingana na tunda, na kiwavi anamzidi konokono, kwa sababu tu nafasi ya ukurasa ilitaka hivyo.

Utauliza, basi wanasayansi walikuwa wapi? Walikuwepo, na kazi yao ilikuwa ngumu kuliko ya wachoraji wa makaisari. Ulisse Aldrovandi wa Bologna alizaliwa 1522 na alitumia maisha yake marefu kukusanya kila kitu: mimea, mawe, ndege, majoka ya kubuni na ya kweli. Mwaka 1602, akiwa mzee wa miaka karibu 80, alitoa kitabu cha Kilatini cha sehemu saba juu ya wadudu peke yao, na ndicho cha kwanza kuchapishwa Ulaya kwa mada hiyo. Katika utangulizi anaeleza jinsi alivyokuwa akienda mashambani nje ya mji, akiwaomba wakulima wamletee wadudu na akiwalipa, huku ameongozana na mchoraji na mwandishi. Mchoraji anachora, mwandishi anaandika anayoambiwa. Hapo mdudu alikuwa mezani kweli, na mara nyingi alikuwa bado anatembea.

Maelfu ya picha za rangi za maji alizowachoresha mafundi wake zimehifadhiwa Bologna hadi leo, pamoja na vibao vya mbao vilivyotumika kuchapia. Weka picha ya rangi na chapa yake kando kwa kando utaona msiba uliotokea katikati. Mchongo wa mbao hufanywa kwa kuondoa mbao yote isipokuwa mistari, na mistari hiyo ndiyo inayobeba wino. Kila mstari lazima uachwe mnene kiasi cha kuhimili mgandamizo wa mtambo mara mamia. Unywele wa nyuki hauwezi kuachwa hivyo. Mishipa ya bawa hupungua ikawa michache, vipapasio hunenepa, miiba ya mguu hupotea, na rangi yote huondoka. Aldrovandi alikuwa na mchongaji hodari, Cristoforo Coriolano, lakini mbao ni mbao.

Kwa nini basi hakutumia shaba, ambayo huchimbwa kwa mistari myembamba kama uzi wa buibui? Gharama. Kibao cha mbao kina mistari iliyoinuka sawasawa na herufi za risasi, kwa hiyo picha na maandishi hupangwa pamoja na kupigwa chapa mara moja. Shaba huhitaji mtambo wake wa magurudumu na karatasi kupitishwa mara ya pili. Kwa kitabu cha picha 48 za kupendeza, kama kile cha Jacob, hilo linavumilika, lakini kwa kitabu kikubwa cha elimu chenye mamia ya picha, mchapishaji anafilisika. Ndiyo maana picha bora kabisa za wadudu za zama zile hazimo katika vitabu vya sayansi. Zimo katika kabati za watawala, zilikoonwa na watu wachache.

Hata hivyo katika vitabu hivyo vya mbao ndimo elimu ilimokuwa inakua. Aldrovandi aliwagawa wadudu wake: wa nchi kavu na wa majini, wenye miguu na wasio nayo, wenye mabawa na wasio nayo, ambao mabawa yao yamefunikwa na ambao hayakufunikwa. Baadhi ya migawanyo hiyo unaifundisha mpaka leo. Alichanganya humo buibui, nge na minyoo, kwa maana wakati ule kundi la wadudu lilimeza karibu kila kilicho kidogo na kisicho na damu nyekundu. Lakini Hoefnagel hakugawa chochote. Alipanga kwa uzuri.

(Jambo dogo la pembeni. Chapa yoyote hugeuza picha, kulia ikawa kushoto. Kwa wadudu haidhuru, kwa kuwa pande zao mbili zinalingana. Kwa konokono ni balaa, kwa sababu mzunguko wa gamba una upande wake. Mwaka 1650 Rembrandt alichonga picha nzuri sana ya gamba la konokono wa baharini. Sahihi yake alikumbuka kuiandika kinyume ili itoke sawa. Gamba alilisahau, au hakujali, na mzunguko wake ukatoka kinyume na wa kweli.)

Safari ya picha kutoka kwa mdudu mpaka kitabuni inaonekana wazi zaidi London. Daktari Thomas Penny alitumia miaka kukusanya michoro na maelezo ya wadudu, pamoja na karatasi zilizoachwa na Conrad Gessner wa Zurich, aliyefariki mwaka 1565 kabla ya kumaliza sehemu yake ya wadudu. John White, mchoraji aliyekwenda na Waingereza Roanoke, pwani ya Amerika ya Kaskazini, alimpa Penny picha ya kipepeo mkubwa wa kule, wa manjano mwenye milia myeusi na mikia miwili kwenye mabawa ya nyuma. Kwenye nakala ya Penny imeandikwa mwaka 1587. Ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za kipepeo wa Amerika ya Kaskazini zilizofika Ulaya. Penny akafa, rundo lake likaangukia kwa daktari mwenzake Thomas Moffet, aliyelipanga kuwa kitabu. Moffet naye akafa mwaka 1604 bila kukichapisha. Kitabu kilitoka 1634, kikiwa kimesimamiwa na daktari mwingine, Theodore de Mayerne, na picha zake ni michongo ya mbao. Kipepeo wa White yumo. Manjano yake haimo tena, milia imekuwa mistari michache mizito, na aliyemchonga hakuwahi kukanyaga Amerika wala kumwona kipepeo yule. Tangu mdudu mpaka chapa imepita miaka karibu 50 na mikono isiyopungua minne.

Nikupe tahadhari moja ambayo kwa somo lako ni kubwa kuliko zote. Picha inaweza kuwa sahihi kabisa na elimu iliyo nyuma yake ikawa si sahihi. Watu hawa wote, tangu Dürer mpaka Moffet, waliishi katika imani iliyorithiwa kwa Aristotle kwamba wadudu wengi huzaliwa kutokana na uozo: funza kutoka kwenye nyama, viroboto kutoka kwenye vumbi. Mtaliano Francesco Redi ndiye aliyeijaribu imani hiyo kwa nyama na chupa, zingine wazi na zingine zimefunikwa, na kutoa majibu yake mwaka 1668. Kabla ya hapo, mchoraji kwa kawaida hakuwa na sababu ya kuweka kiwavi, bundo na kipepeo pamoja kama maisha ya kiumbe kimoja. Aliwaweka popote walipopendeza. Nondo wa hariri ndiye pekee ambaye mzunguko wake ulijulikana vizuri, kwa kuwa alikuwa biashara. Kwa hiyo ukiona ukurasa wa Hoefnagel una kiwavi chini na kipepeo juu, usiwaambie wanafunzi kwamba mmoja ni mtoto wa mwingine. Kwa kazi hiyo tafuta picha za Maria Sibylla Merian, aliyewafuga viwavi nyumbani mwake na kuanzia 1679 akachapisha hatua zote juu ya mmea uleule wanaoula. Huyo ameshatoka nje ya zama tunazozizungumzia, lakini somo la hatua za maisha ni lake.

Hadubini nayo iliingia mwishoni kabisa, na kwa mlango usioutegemea. Mwaka 1624 Galileo alimpelekea rafiki yake Federico Cesi huko Roma chombo kidogo cha kutazamia vitu vya karibu. Cesi alikuwa mwanzilishi wa chama cha wasomi waliojiita kwa jina la mnyama linksi, kwa sababu ya macho yake makali. Mwaka 1625 wakamzawadia Papa Urban VIII karatasi kubwa iliyochapwa kwa shaba: nyuki watatu, mmoja anaonekana kwa juu, mmoja kwa chini, mmoja kwa ubavu, na chini yao viungo kimoja kimoja vilivyokuzwa, jicho, kipapasio, ulimi, mguu, mwiba. Kwa nini nyuki, na kwa nini watatu? Kwa sababu nembo ya ukoo wa Papa, Barberini, ilikuwa nyuki watatu. Picha ya kwanza kuchapishwa kutokana na hadubini ilikuwa pia zawadi ya kujipendekeza. Sioni ubaya wake. Macho ya nyuki yamechorwa yana nywele, na nyuki kweli ana nywele machoni, jambo ambalo hakuna aliyelichapisha kabla yao.

Sasa darasani. Getty na National Gallery of Art wanaruhusu kupakua picha hizi bure na kwa ubora mkubwa, kwa hiyo usitumie zile zilizopita mikono mingi mtandaoni, maana mara nyingi zimekatwa au zimeongezwa rangi. Ukiwa nayo, fanya kipimo ambacho mwanafunzi wa kidato cha pili anakiweza: hesabu miguu, kisha angalia imeota wapi. Sita yote lazima itoke kwenye kifua, si kwenye fumbatio. Mtu aliyekuwa na mdudu mbele yake ni nadra kukosea hapo. Anayenakili nakala ya nakala hukosea hapo kwanza, kwa kuwa miguu kwenye chapa ndogo huonekana inatoka popote chini ya mwili. Kisha angalia mabawa ya mbawakawa yanakutana wapi mgongoni, na kama vipapasio vinatoka mbele ya macho au vimebandikwa utosini.

Kama una projekta, tumia Dürer na ukurasa wa kereng'ende, na ukuze hadi mpaka kati ya rangi na bawa halisi uonekane. Kama una mashine ya fotokopi tu, achana na hizo, zitatoka madoa meusi. Chapa za Jacob Hoefnagel za 1592 zilitengenezwa kwa wino mweusi tangu mwanzo na hunakilika vizuri sana. Waambie tu wanafunzi wasiweke rula juu yake.